Karabai ya Babu: Taa Iliyonakiliwa Dunia Nzima

Leo naomba tuweke mambo ya programu kando kidogo. Nataka kuwasimulia habari za mashine isiyo na betri, isiyohitaji intaneti, na ambayo haijawahi kuniomba nenosiri hata siku moja. Ni karabai, ile taa ya mafuta ya kupigwa pampu, yenye mwanga mweupe na mlio kama wa nyoka aliyekasirika. Kama ulikulia mashambani kabla ya stima kufika, unaijua. Kama ulikulia mjini, vumilia, nitakueleza.

Babu yangu aliishi karibu na Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kukodisha karabai kwa wavuvi wa omena. Wakati mmoja alikuwa nazo sita. Alipofariki ilibaki moja tu, ikining'inia kwenye msumari ndani ya stoo, kioo kimepasuka, tangi limeota kutu ya kijani. Usiku wa matanga yake tulikesha chini ya taa za LED zilizounganishwa na jenereta ya kukodi. Nilikaa pale nikiwaza: mzee huyu aliangaza matanga ya kijiji kizima, na leo yake yanaangazwa kwa taa ya mtu mwingine.

Desemba iliyofuata nilirudi nyumbani, nikamkuta nyanya akibishana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Karabai ilikuwa tayari kwenye mizani. Nikamwomba aiache.

"Utaifanyia nini, nyakwara?" akaniuliza.

"Nitaitengeneza, dani."

"Wewe si mtu wa kompyuta?"

"Zote ni mashine, dani."

Akacheka. "Haya. Ikiwaka kabla hujarudi Nairobi, ni yako. Isipowaka, huyu atakuja kuichukua."

Nilikuwa na siku tisa.

Historia kabla ya bisibisi

Kabla ya kugusa msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, mimi husoma historia yake kwanza. Nani aliandika nini, lini, na alikuwa anajaribu kutatua tatizo gani? Nikaamua kuifanyia karabai vivyo hivyo. Usiku wa kwanza sikufungua skrubu hata moja. Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Koroboi hutoa mwanga kwa sababu haichomi mafuta vizuri. Ile rangi ya manjano ni chembe za masizi zinazowaka kwa joto kabla ya kupaa juu na kupaka dari weusi. Ukiyachoma mafuta vizuri, kwa hewa ya kutosha, moto unageuka buluu: joto jingi, mwanga kidogo sana. Kwa hiyo mtu alilazimika kuchagua. Ama mwanga wenye moshi, ama moto safi usioonyesha kitu.

Jibu lilitoka Austria. Carl Auer von Welsbach (1858-1929) alikuwa mwanakemia aliyesomea Heidelberg chini ya Robert Bunsen, yule yule ambaye jina lake liko kwenye kile kichomeo cha maabara za shule ya upili. Mwaka wa 1885 Auer alisajili hataza ya wazo la ajabu: usitegemee moto wenyewe ukupe mwanga, bali weka ndani ya moto kitu kingine kitakachong'aa. Alichukua kitambaa cha pamba, akakilowesha kwenye maji yenye chumvi za madini adimu, akakikausha, kisha akakichoma. Kitambaa kikateketea, likabaki jivu lenye umbo lile lile la kitambaa. Jivu hilo likiwekwa kwenye moto wa buluu, linang'aa.

Toleo la kwanza (tuliite 1.0) lilikuwa na kasoro. Mwanga ulikuwa wa kijani kijani na jivu lilivunjika upesi. Biashara ikakwama. Auer akarudi maabarani, na mwaka wa 1891 akatoka na mchanganyiko mpya: asilimia 99 oksidi ya thoriamu, asilimia 1 oksidi ya seriamu. Hiyo asilimia moja ndiyo siri yote. Thoriamu peke yake hustahimili joto kali lakini haing'ai sana. Seriamu ikizidi, mwanga unafifia tena. Ikiwa moja kwa tisini na tisa, unapata mwanga mweupe wa ajabu. Wale wenzangu mnaojua kuhangaika na namba moja ndani ya faili ya mipangilio mpaka saa nane za usiku, nadhani mnamwelewa Auer.

Mwaka uliofuata, 1892, huko Sweden, Frans Wilhelm Lindqvist akatatua nusu ya pili ya tatizo bila kufikiria taa kabisa. Yeye alikuwa anatengeneza jiko. Katika jiko lake, lililouzwa kwa jina la Primus, mafuta ya taa husukumwa na hewa ya pampu, hupita kwenye mrija ulio ndani ya moto, na kugeuka mvuke kabla ya kuchomwa. Hakuna utambi wala masizi. Ni moto wa buluu, safi na wenye nguvu.

Sasa unao moto wa buluu kutoka Sweden, na jivu linalong'aa kutoka Austria. Waliotengeneza taa kwa kuunganisha mambo haya mawili walikuwa wengi, lakini jina lililoshinda ni la Berlin. Kampuni ya Ehrich & Graetz ilikuwa ikitengeneza taa tangu 1866. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Max Graetz, ikatoa taa yenye tangi na pampu chini, mrija wa mvuke katikati, na kifuko cha Auer kikining'inia kichwa chini juu ya tangi. Wajerumani huyaita mafuta ya taa Petroleum. Ukiongeza jina la Max unapata Petromax. Muundo uliokuja kujulikana kuliko yote ni ule wa namba 829, uliotangazwa kuwa na nguvu ya mishumaa 500. Lita moja ya mafuta huiwasha kwa takriban saa nane.

Kuna jambo moja katika muundo huu lililonifurahisha kama mtu wa kompyuta. Ili mafuta yageuke mvuke, mrija lazima uwe na moto. Ili mrija uwe na moto, mvuke lazima uwe unawaka. Kila kimoja kinamngoja mwenzake. Ni shida ile ile ya kompyuta: programu hupakiwa na programu nyingine, je, ile ya kwanza kabisa hupakiwa na nani? Kwenye kompyuta tunaweka programu ndogo ndani ya chipu, kazi yake ni kuamsha zile kubwa kisha ijiondokee. Kwenye karabai unaweka spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya mrija, unaiwasha, inawaka kwa dakika moja na nusu au mbili, mrija unapata moto, unafungua mafuta, na spiriti inakwisha. Kuanzia hapo taa inajipasha yenyewe usiku kucha.

Nakala, na nakala za nakala

Si wote waliofuata njia ya Berlin. Uingereza ilikuwa na Tilley, yenye mrija wa mvuke uliosimama wima katikati ya kifuko. Marekani, kampuni ya W. C. Coleman huko Wichita, Kansas, ilitoa taa yake ya kubeba mkononi mwaka wa 1914, nayo ilitumia petroli badala ya mafuta ya taa. Lakini muundo wa Petromax ndio ulionakiliwa kuliko mingine. Viwanda vya Sweden, India na China viliutengeneza kwa majina tofauti. Huko India na Indonesia, Petromax limekuwa jina la taa yoyote ya aina hiyo, haidhuru imetoka wapi.

Miongoni mwa walioshindana na Graetz palikuwa na kampuni ya Leipzig iliyoitwa HASAG, kirefu chake Hugo Schneider AG. Sikutaka kuiruka, kwa sababu historia ya teknolojia tukiisimulia kwa mazuri tu inakuwa tangazo la biashara. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia HASAG iligeuka kiwanda cha silaha, ikatengeneza makombora ya Panzerfaust, na ikatumia maelfu ya wafungwa kama watumwa, wakiwemo Wayahudi waliofanyishwa kazi hadi kufa katika kambi ya Skarżysko-Kamienna nchini Poland. Mikono iliyojua kukunja shaba iwe tangi la taa ilijua pia kuikunja iwe ganda la risasi. Chombo hakimchagulii mwenyewe kazi ya kufanya.

Mji unaoelea

Kwetu karabai ilipata kazi ambayo sidhani Max Graetz aliiwazia. Omena ni samaki wadogo wenye rangi ya fedha, na usiku wa giza huvutwa na mwanga. Wavuvi huweka taa juu ya vielea, wakazitia nanga ziwani, wakangoja omena wakusanyike chini yake, kisha wakazungusha wavu. Kazi hii hufanyika mwezi ukiwa haupo. Mwezi ukiwa mpevu, samaki wana mwanga kila mahali, hawana haja na taa ya mtu.

Ziwa Tanganyika nako wavuvi wa dagaa walifanya hivyo tangu zamani, wakiwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi. Karabai ilipokuja ilichukua nafasi ya kuni.

Nikiwa mdogo nilikuwa nikisimama nje ya nyumba ya babu na kuhesabu taa ziwani. Zilikuwa nyingi mpaka ungedhani kuna mji mkubwa ng'ambo, mji unaosogea kidogo kila usiku. Ufukweni kwenyewe hapakuwa na stima. Mji ulikuwa majini, sisi wa nchi kavu tukalala gizani na koroboi zetu.

Karabai haikuwa ya wavuvi tu. Ilikuwa ya harusi, ya matanga, ya kesha la kanisa, ya kinyozi aliyechelewa kufunga. Tangu uchaguzi wa 2002, kura zilipoanza kuhesabiwa kwenye vituo vyenyewe, vituo vingi vya mashambani vilihesabu usiku kwa mwanga wa aina hii. Katika sensa ya 2009, chini ya robo ya nyumba za Kenya ndizo zilizotumia stima kwa mwanga. Nyingi zilikuwa na koroboi au kandili. Karabai ilikuwa ghali, kwa hiyo watu hawakuwa nayo, bali walijua nani anayo. Kijijini kwetu huyo aliyekuwa nayo ni babu.

Nilivyoiharibu

Siku ya pili nikaanza kazi, na siku hiyo hiyo nikafanya kosa ambalo ningemfokea mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Nilibadilisha mambo matano kwa pamoja. Nikasugua tangi, nikaweka kifuko kipya (duka moja la Homa Bay walikuwa navyo viwili vya mwisho kwenye sanduku lenye vumbi), nikalainisha ngozi ya pampu kwa mafuta ya kupikia, nikabadilisha mpira wa kifuniko. Kisha nikaona nozeli, ile tundu ambayo mvuke hutokea, imeziba. Nikachukua sindano ya kushonea, nikazibua.

Jioni nikaiwasha uani. Ndimi za moto wa manjano zikapanda kupita kofia ya taa, masizi yakaruka kama nzi, na kile kifuko kipya kikameguka. Nikafungua skrubu ya kutoa hewa, moto ukazima. Nyanya alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni akichambua mboga. Hakusema neno. Aliniangalia tu, akarudia mboga zake.

Asubuhi nikaifunga karabai kwenye gunia nikaipeleka sokoni kwa fundi mmoja mzee, ambaye siku hizi hutengeneza zaidi redio na simu. Aliitoa kwenye gunia, akaipindua, akapitisha kidole chini ya tangi palipokuwa na alama tatu za tupa.

"Hii ni ya babu yako," akasema. "Alama hizi nilizipiga mimi."

Nikamweleza niliyoyafanya. Alipofika kwenye habari ya sindano akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Kijana, tundu hili ni dogo kuliko unywele wa mkia wa ng'ombe. Taa ina sindano yake ndani, nyembamba, ukizungusha gurudumu inapanda na kusafisha. Wewe umeingiza sindano ya nguo. Umelipanua. Sasa mafuta yanatoka mengi kuliko hewa."

Hapo nikaelewa. Mvuke ukizidi hewa, moto hauwi wa buluu. Nilikuwa nimeirudisha karabai kuwa koroboi kubwa.

Nikamwambia, "Jaduong', babu alikuwa akisema hii ni ya Mjerumani. Nitapata wapi nozeli ya Kijerumani leo?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tangi ni la China, hebu soma hapo chini. Ya Mjerumani ilizama ziwani, tukaokoa kichwa chake tu. Hicho kichwa tukakifunga kwenye tangi hili. Pampu ilitoka kwenye nyingine, sikumbuki ya wapi. Babu yako aliendelea kuiita ya Mjerumani, na mimi sikumkatalia."

Akavuta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vipande vya shaba, akachakura kwa kidole, akatoa nozeli, akaipuliza, akaifunga. Ikaingia hesi kwa hesi kama iliyozaliwa pale. Ilikuwa imetoka kwenye taa ya kiwanda kingine kabisa.

Nilikaa kimya kidogo. Watu wa Berlin waliamua ukubwa wa uzi wa skrubu hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Watu wa China wakaunakili bila kubadilisha. Kwa sababu hawakubadilisha, mzee mmoja Mbita aliweza kuokoa kichwa cha taa iliyozama na kukifunga kwenye tangi lililovuka bahari nyingine. Sisi watengenezaji wa programu hupenda kuwadharau wanaonakili. Lakini taa hii imeishi kwa sababu ilinakiliwa, na ilinakiliwa kwa uaminifu, mpaka kipande cha huyu kikawa dawa ya yule.

Fuata njia ya hewa

Fundi hakukubali kunirudishia taa hivi hivi. Alinifanya niifungue yote na kuifunga tena mbele yake. "Usianze pale unapoona shida," aliniambia. "Anza pale hewa inapoanzia." Hii hapa orodha yake, kwa yeyote mwenye karabai nyumbani:

1. Toa hewa yote kwanza kwa skrubu ya kifuniko, na taa iwe imepoa. Usifungue kitu chochote tangi likiwa na shinikizo.

2. Ngozi ya pampu. Ikikauka inasinyaa, hewa inarudi nyuma. Iloweshe mafuta mpaka ilainike, kisha itanue kingo zake kwa vidole.

3. Vali iliyo chini ya pampu. Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie bila kutoka. Ukiona mpini wa pampu unapanda wenyewe, hapo ndipo penye ugonjwa.

4. Mpira wa kifuniko na viungo vyote. Piga pampu bila kuwasha, paka povu la sabuni, tazama vipovu vinapotokea.

5. Mrija wa mvuke. Mafuta yakiungua ndani kwa miaka huacha kaboni. Fundi aliuweka wangu kwenye makaa mpaka ukakaribia kuwa mwekundu, akauacha upoe, akaugonga. Ukamwaga vumbi jeusi kama mchanga wa pwani ya ziwa.

6. Nozeli na sindano yake. Tayari mmesikia.

7. Kifuko, mwisho kabisa. Kikishachomwa mara ya kwanza ni jivu tu, hata kidole kinakivunja.

Na maonyo matatu. Usitie petroli kwenye taa ya mafuta ya taa, utachoma nyumba. Usiiwashe kwenye chumba kilichofungwa madirisha, kwa sababu ya hewa ya sumu. Na usivute pumzi ya vumbi la kifuko kilichovunjika, hasa cha zamani. Thoriamu ina mionzi. Si mingi, lakini mahali pake si kwenye mapafu. Miaka ya 1990 baadhi ya watengenezaji wakubwa walianza kuhamia kwenye itriamu isiyo na mionzi.

Mduara wa Auer

Siku nilizobakiza nilirudi kwenye historia, nikakutana na jambo ambalo bado linanizunguka kichwani.

Auer hakuishia kwenye kifuko. Mwaka wa 1898 alitengeneza balbu ya stima yenye uzi wa osmiamu, yaani alianza kuichimbia kaburi taa yake mwenyewe. Mwaka wa 1903 akasajili hataza ya mchanganyiko wa seriamu na chuma unaotoa cheche ukikwaruzwa. Hicho ndicho kijiwe kilichomo ndani ya kiberiti cha gesi mfukoni mwako. Na mwaka wa 1906 kampuni aliyoianzisha ilisajili jina jipya la balbu, lililotokana na maneno osmiamu na wolframu: OSRAM.

Mwaka wa 2008, OSRAM ilifungua kituo cha umeme wa jua Mbita. Kazi ya kituo ilikuwa kuchaji na kukodisha betri na taa, na waliolengwa hasa ni wavuvi wa omena, ili waachane na karabai. Yaani jina lililozaliwa katika kampuni ya mtu aliyevumbua kifuko lilikuja, miaka zaidi ya mia baadaye, kukizima kifuko hicho katika ziwa letu.

Na nisiwadanganye: karabai ilistahili kuzimwa. Ilikula mafuta usiku kucha, na sehemu kubwa ya nguvu yake ilipotea kama joto. Iliunguza watu. Septemba 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili yasichanganywe na dizeli, hesabu ikamalizika. Katika sensa ya 2019, nusu ya nyumba za Kenya zilitumia stima kwa mwanga, na karibu moja katika kila tano zilitumia sola. Mji unaoelea bado upo ziwani, ila siku hizi taa zake nyingi ni LED, na haupigi kelele.

Ila pale kwa fundi niliona gunia jingine, limejaa taa za sola zilizokufa. Nikamuuliza kwa nini hazitengenezi. Akachukua moja akanionyesha: imegandishwa kwa gundi pande zote, haina skrubu. "Betri tu ndiyo imekufa," akasema, "lakini kuifikia ni lazima niivunje. Na nikiivunja, ya kiwanda kingine haiingii." Ni taa bora kuliko karabai kwa kila kipimo isipokuwa kimoja. Aliyeitengeneza hakumwazia mtu wa mkebe.

Mimi nami hutengeneza vitu vya namna hiyo. Nimeandika programu ambazo siku nikiondoka kazini hakuna atakayeweza kuzifungua. Nilikuwa nikiona hiyo ni ishara kwamba mimi ni hodari.

Usiku wa nane

Usiku wa nane nikaiweka karabai juu ya stuli uani. Nikatia spiriti, nikaiwasha kwa kiberiti cha gesi (asante tena, Auer), nikaanza kuhesabu sekunde kwenye simu. Nyanya akaja akasimama nyuma yangu.

"Bado," akasema nilipoinua mkono.

Nikangoja.

"Sasa."

Nikazungusha gurudumu. Kifuko kikawaka manjano, kikasitasita, kikatulia na kuwa cheupe. Ule mlio ukaanza. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, lakini yeye alikunja uso.

"Haijashiba. Sogea."

Akainama, akashika pampu, akapiga mapigo kumi na mawili ya haraka, yaliyo sawasawa, huku mkono wa pili umebana tangi lisiyumbe. Mwanga ukaongezeka mpaka nikaona miti ya jirani. Alipoinua mkono nikaona, kwa mara ya kwanza kwenye mwanga mzuri namna ile, kovu refu la moto kwenye kigasha chake.

"Ulijulia wapi, dani?"

"Nilijulia wapi?" akasema. "Babu yako alikuwa anakodisha. Wewe ulidhani nani alikuwa anaziwasha zote sita kila jioni?"

Siku nane nilisoma juu ya Berlin na Austria na Sweden. Nikampelekea fundi gunia. Na mtaalamu alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni anachambua mboga, sikumuuliza hata swali moja.

Karabai sasa iko Nairobi, kwenye rafu juu ya meza yangu ya kazi, na huwaka stima ikipotea. Nilimwambia nyanya angeweza kubaki nayo, akakataa kabisa. Ana taa yake ya sola, haina harufu wala haimuunguzi. Hata hivyo nilipoondoka alinipa chupa ndogo ya spiriti, akasema: "Na usihesabu kwa simu. Tazama rangi ya moto."

Kama kwenu kuna karabai kwenye stoo, usiiuze kwa kilo kabla hujaulizia ilikuwa ikiwashwa na nani. Na kama huyo mtu bado yupo, anza naye, kabla ya intaneti. Tuonane tena wakati mwingine.